Kuongoza njia katika safari ndefu ya baiskeli

Marafiki wanaopanga safari ndefu ya baiskeli hukagua matairi, breki na pampu, lakini wengi husahau kukubaliana nani ataongoza njia. Tunaeleza kazi hiyo kwa kutumia barabara za mkoa wetu wa Simiyu.

Ijue barabara kabla ya kutoka

Barabara ya lami inakata mkoa kutoka kaskazini kwenda kusini. Lamadi hadi Bariadi ni kama kilomita 72, Bariadi hadi Maswa kama 50, na Maswa hadi Mwigumbi kama 50. Mkitoka Lamadi asubuhi, jua liwe mkono wa kushoto. Likikaa usoni muda mrefu, simameni muulize, maana mnaelekea mashariki. Kisukuma kina majina ya pande zote nne: sukuma ni kaskazini, dakama kusini, kiya mashariki na ng'weli magharibi.

Maswa ni mbili

Maswa mjini iko kusini mwa Bariadi. Pori la Akiba Maswa liko mashariki, limepakana na Serengeti. Lina wanyama wakali, na kuingia bila kibali ni kosa. Mkiandika "Maswa" kwenye ramani ya simu, hakikisheni imeonyesha mji.

Simu bila mtandao

Pakueni ramani mapema mkiwa na bando. Simu yenye GPS huonyesha mlipo hata mtandao ukikatika. Mmoja awashe simu, wengine wazime zao ili chaji ibaki kwa dharura.

Kuuliza njia

Msiulize, "Hii ndiyo njia ya Mwanhuzi?" Mtu anaweza kuitikia "ndiyo" kwa heshima tu. Ulizeni, "Njia ya Mwanhuzi ni ipi?" Kisha muulize mtu wa pili mbele kidogo.

Kanuni ya njia panda

Kiongozi wa njia akae mbele, na mtu mzoefu mwenye pampu na viraka afunge msafara. Kwenye kila njia panda, wa mbele asiondoke hadi wa mwisho afike. Hapo ndipo watu hupotezana.

Wakati wa mvua

Udongo mweusi wa mbugani hunasa magurudumu, na mito mikavu hujaa ghafla. Maji yakiwa yanapita juu ya daraja au kivuko, msivuke. Subirini yapungue au mrudi kulala kijiji mlichopita.