Lango jekundu kwenye theluji

Leo tuache malalamiko ya mitihani, tuongee historia kidogo.

Kuna picha moja ya Kijapani ya mwaka 1925: lango jekundu la hekalu la Zojoji, Tokyo, theluji inaanguka, na mwanamke anapita kajikinga na mwavuli. Mchoraji ni Kawase Hasui.

Sasa hapo kwenye "mchoraji" ndipo pana mambo. Hasui alichora, lakini hakuchonga wala hakupiga chapa. Mchoro ulikwenda kwa mchongaji, akauchonga kwenye vipande vya ubao. Kisha mpiga chapa alipaka rangi ubaoni kwa brashi, akalaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mkono, rangi baada ya rangi, bila kukosea mstari. Aliyewaunganisha wote ni mchapishaji, Watanabe Shozaburo. Na theluji je? Kwenye picha za namna hii mara nyingi ni karatasi yenyewe, imeachwa bila rangi!

Miaka miwili kabla, tarehe 1 Septemba 1923, tetemeko la ardhi na moto viliangamiza sehemu kubwa ya Tokyo. Zaidi ya watu 100,000 walikufa jijini na maeneo jirani. Duka la Watanabe liliungua pamoja na mbao zake za chapa, na Hasui akapoteza daftari zake za michoro. Jamani, kazi ya miaka yote imekuwa jivu! Lakini walianza upya, maana kilichoungua ni mbao. Ujuzi ulikuwa mikononi mwa watu.

Vita nayo ikaja. Mwaka 1945 mabomu ya Marekani yaliunguza majengo mengi ya Zojoji, ila lango lile, lililojengwa mwaka 1622, likapona. Halafu mwaka 1952 kamati ya serikali ya Japani ikampa Hasui kazi ya kutengeneza picha nyingine ya Zojoji kwenye theluji. Ilikamilika mwaka 1953, na karatasi ilipigwa chapa mara 42. Hatua zote ziliwekwa kwenye kumbukumbu. Yaani serikali haikutaka picha peke yake, ilitaka na namna ya kuitengeneza ihifadhiwe. Hasui alifariki mwaka 1957.

Hoja yangu ni hii. Sisi tunaosomea ualimu, tukiulizwa vyanzo vya historia tunataja haraka haraka maandishi, masimulizi na akiolojia. Mikono ya fundi hatuitaji. Fundi akifa bila kuacha mwanafunzi, chanzo kimepotea, na wala hakuna anayeandika popote kwamba kimepotea. Tukiingia darasani, tusiwaambie watoto wakatazame vitu vya kale tu. Tuwatume pia kwa mafundi walio hai, wakaulize kitu kinatengenezwaje, waandike hatua kwa hatua.

Mnaonaje wenzangu? Leteni hoja.