Krismasi Ilivyofika Pwani Yetu

Kila Desemba vijana huniuliza, "Pasta, Krismasi si ni sikukuu ya wazungu?" Ukitazama hoteli za Diani, miti ya plastiki na theluji ya pamba kwenye joto hili, utadhani ndivyo.

Tarehe isikusumbue. Luka hakuiandika. Waethiopia husherehekea Januari 7. Wajerumani hufungua zawadi jioni ya tarehe 24. Kinachonigusa zaidi ni namna habari hii ilivyotufikia hapa.

Desemba 25, 1497, Vasco da Gama alikuwa akipita pwani ya Afrika Kusini, akaiita Natal, yaani kuzaliwa kwa Bwana. Aprili 1498 akatia nanga Mombasa. Mwaka 1505 Wareno wengine wakaja, wakaupora mji na kuuchoma moto. Mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome, wakaiita Fort Jesus. Jina la Bwana juu ya mizinga! Walikaa humo na ibada zao hadi 1698. Neno lao la kanisa, igreja, likabaki katika Kiswahili. Unajua limekuwa nini? Gereza.

Sasa mwangalie Johann Ludwig Krapf. Alifika Mombasa 1844, na mwezi Julai akamzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Krismasi ya mwaka ule ilimkuta bila mke wala mtoto. Hakuwa na mzinga hata mmoja. Aliketi na wenyeji, akajifunza lugha ya Warabai, ndugu za Wadigo na Waduruma wetu, akaitafsiri Injili ya Luka. Ilichapishwa Bombay mwaka 1848. Hori, wachungaji, malaika, vyote kwa Kimijikenda, kabla hata reli haijajengwa.

Kwa hiyo mwambie kijana wako: Krismasi ya mizinga ilituachia gereza. Ile nyingine ilikuja kwa lugha ya nyumbani.

Agano Jipya la Chidigo lipo tangu 2007. Tarehe 25 tutasoma Luka 2 kwa Chidigo, na spika zitaelekea ndani, si msikitini. Akina mama wa jikoni, mbuzi achinjwe na jirani yetu Mwislamu mwenyewe, ili sahani ya pilau ikifika kwake ale bila wasiwasi. Siku ya Iddi yeye ndiye huanza kutuletea.