Ugomvi wa kuku uliopandisha bei ya pikapu kwa miaka 60

Machi 2025, Rais Donald Trump alipotangaza kwamba magari yanayoingia Marekani yataongezewa ushuru wa asilimia 25, waagizaji wa magari madogo ya abiria walishika vichwa, maana walikuwa wamezoea kulipa asilimia 2.5. Kwa waagizaji wa pikapu, asilimia 25 haikuwa habari mpya. Ushuru wa kiwango hichohicho umekuwa mabegani mwao tangu Januari 1964, na safari hii wakatwishwa wa pili juu yake, jumla asilimia 50.

Ushuru huo wa zamani una jina lake, na jina hilo limeingia hadi katika hukumu za mahakama: ushuru wa kuku. Ulitokana kweli na kuku, tena waliogandishwa. Rais aliyeusaini amekufa, Ujerumani Magharibi iliyolengwa imefutika kwenye ramani, na ugomvi wenyewe ulikwisha zamani. Ushuru bado upo. Kisa chake kinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki, ambako kila Juni tunaambiwa kwamba nyongeza hii ya ushuru ni ya mwaka mmoja tu.

Kuku wa bei chee

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wafugaji wa majimbo ya kusini mwa Marekani kama Arkansas na Georgia waliacha kufuga kuku wa uani, wakajenga mabanda ya maelfu kwa maelfu. Kuku, aliyekuwa kitoweo cha sikukuu, akawa nyama ya kila siku. Ziada ikapakiwa melini kwenda Ulaya, na Ujerumani Magharibi, ambayo uchumi wake ulikuwa unanyanyuka kutoka kwenye vifusi, ikawa mteja mkubwa.

Wafugaji wa Ulaya hawakufurahi. Mwaka 1962 Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, wakati huo yenye nchi sita, ilianza kutekeleza sera yake ya pamoja ya kilimo, na tozo za kuku kutoka nje zikapanda. Mauzo ya Wamarekani yakaporomoka. Seneta William Fulbright wa Arkansas, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti, alilipeleka suala la kuku hadi katika mjadala wa NATO kuhusu silaha za nyuklia. Kansela Konrad Adenauer wa Ujerumani alisimulia baadaye kwamba katika barua nyingi alizoandikiana na Rais John Kennedy ndani ya miaka miwili, labda nusu zilihusu kuku. Hiyo ndiyo miaka ya ukuta wa Berlin na makombora ya Cuba.

Usuluhishi ulifanyika chini ya GATT, mkataba wa biashara uliolitangulia Shirika la Biashara Duniani. Jopo likakadiria hasara ya Marekani kuwa dola milioni 26 kwa mwaka. Dawa ya moto ni moto, na Marekani ilikuwa na haki ya kutoza bidhaa za Ulaya kiasi hicho. Kennedy hakuishi kuamua. Aliuawa Novemba 22, 1963, na siku 12 baadaye Lyndon Johnson akasaini Tangazo namba 3564. Bidhaa nne zilipandishiwa ushuru kuanzia mwezi uliofuata: wanga wa viazi, dekstrini, brandi ya bei kubwa, na magari mepesi ya mizigo.

Kwa nini magari?

Wanga na brandi vinaeleweka, kwa kuwa ni mazao ya kilimo kama kuku. Gari la mizigo lilifikaje kwenye orodha hiyo?

Jibu liko kwenye kanda za sauti. Johnson alikuwa na tabia ya kurekodi mazungumzo yake ya Ikulu, na kanda zilipofunguliwa miaka ya 1990, waliozisikiliza walikuta kuku si mhusika mkuu. Mhusika mkuu alikuwa Walter Reuther, kiongozi wa UAW, chama cha wafanyakazi wa viwanda vya magari. Reuther alikuwa amechoshwa na Kombi za Volkswagen, zile zile zilizobeba abiria, wamisionari na watalii katika barabara zetu za vumbi. Kombi ya mizigo na pikapu yake zilikuwa zinauzwa vizuri Marekani. Johnson naye alikuwa anaukabili uchaguzi wa 1964, hakutaka mgomo viwandani, na alihitaji chama hicho kiunge mkono ajenda yake ya haki za raia weusi. Kila upande ukapata ulichotaka, na kuku akawa kisingizio.

Ushuru ulifanya kazi haraka. Mwaka 1964, thamani ya magari ya mizigo kutoka Ujerumani Magharibi ilishuka hadi karibu theluthi moja ya ile ya mwaka uliotangulia. Kombi ya abiria iliendelea kuingia kwa sababu haikuguswa. Ya mizigo ilitoweka sokoni.

Kanuni za GATT zilikuwa na sharti moja lililobadilisha mambo baadaye. Adhabu ya namna hii hailengi nchi moja. Ukipandisha ushuru wa bidhaa, unaupandisha kwa wote. Hivyo Japani, ambayo haikuwa na ugomvi wowote wa kuku, ikajikuta ndani ya adhabu ya Ujerumani. Mwaka 1964 hilo halikuonekana kuwa jambo kubwa, kwa kuwa pikapu za Kijapani Marekani zilikuwa chache. Miaka kumi baadaye hali ilikuwa nyingine kabisa.

Viti vya kuvukia bandari

Penye ushuru mkubwa hapakosi wajanja. Wa kwanza waligundua kwamba pikapu isiyo na bodi ya nyuma, yaani kichwa na chasisi tu, ilikuwa ikitozwa asilimia 4. Isuzu ikawa inatuma vichwa na chasisi, bodi zinafungwa Marekani, na gari linauzwa kwa jina la Chevrolet LUV. Mazda ilifanya hivyo hivyo kwa Ford Courier. Toyota ikatengenezewa bodi Long Beach, California, na hiyo ikawa ajira yake ya kwanza ya kiwandani katika nchi hiyo. Mlango huo ulifungwa mwaka 1980.

Subaru wakaja na lao. Pikapu yao ndogo, BRAT, ilifungwa viti viwili vya plastiki kwenye bodi, vimetazama nyuma. Kwa kuwa ina viti vya abiria nyuma, ikahesabiwa gari la abiria na kulipa ushuru mdogo. Ronald Reagan alikuwa na moja kwenye ranchi yake ya California.

Lakini hakuna aliyefika mbali kama Ford, kampuni ya Kimarekani ambayo ushuru huu ulikusudiwa kuilinda. Kuanzia 2009 Ford ilileta Marekani gari dogo la mizigo liitwalo Transit Connect, lililokuwa likitengenezwa Uturuki. Wakati huo gari la mizigo lililipa asilimia 25, la abiria asilimia 2.5. Kwa gari lenye thamani ya dola 20,000, hiyo ni tofauti kati ya dola 5,000 na dola 500. Ford ikayaleta yakiwa na viti vya nyuma, mikanda na madirisha. Yalipotoka forodhani katika bandari ya Baltimore, viti viling'olewa, mikanda ikaondolewa, sakafu ikafunikwa na vioo vya nyuma vikabadilishwa kwa bati. Gari lililoshuka melini la abiria likaenda kwa mteja likiwa la mizigo. Viti vipya, ambavyo hakuna aliyevikalia, vilipelekwa kusagwa.

Forodha ya Marekani ilikataa mchezo huo mwaka 2013, na kesi ikazunguka mahakamani kwa miaka. Ford ilishinda kwenye mahakama ya biashara ya kimataifa mwaka 2017. Mahakama ya rufani ikaigeuzia kibao Juni 2019, na hukumu yake inastahili kusomwa na kila ofisa wa forodha wa kanda hii. Majaji walivichunguza viti hivyo kama fundi anavyokagua gari la mitumba. Waliona havina sehemu ya kuegemeza kichwa, vimevishwa kitambaa cha bei ndogo na kuondolewa vitu vya starehe. Viti vya namna hiyo, walisema, vililetwa ili kuvuka forodha, havikuletwa kwa ajili ya abiria. Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa ya Ford mwaka uliofuata, na Machi 2024 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 365 kumaliza madai ya serikali, bila kukiri kosa.

Tafakari gharama hiyo. Kiti kinashonwa, kinafungwa, kinavuka bahari, kinang'olewa, kinasagwa. Wafanyakazi wa kukitengeneza na wa kukiharibu wote wamelipwa, na bei ya gari imebeba mishahara ya wote wawili. Ukimuuliza mwanasiasa, atakwambia ushuru umeleta ajira.

Nani alifaidi, nani alilipa

Haki isemwe: ajira zilikuja. Nissan ilipofungua kiwanda chake Smyrna, Tennessee, mwaka 1983, gari la kwanza kutoka lilikuwa pikapu. Toyota nayo ilihamishia Marekani utengenezaji wa pikapu zake. Maelfu ya Wamarekani walipata kazi kwa sababu kuvuka na pikapu nzima kulikuwa ghali mno. Baada ya NAFTA, mkataba wa 1994 wa biashara huru kati ya Marekani, Kanada na Mexico, sehemu ya kazi hizo ikateremka Mexico, kwa kuwa ushuru wa kuku haukugusa gari lililotengenezwa humo.

Aliyelipa ni mnunuzi. Pikapu ndogo na imara, za aina ya Hilux tunayoiona kila soko na kila shamba kuanzia Mbeya hadi Goma, zilipungua sokoni Marekani. Toyota iliacha kuuza Hilux huko mwaka 1995. Viwanda vikubwa vya Detroit, vikiwa nyuma ya ukuta wa asilimia 25, viligundua kwamba faida iko kwenye pikapu kubwa. Fundi bomba wa Ohio anayetaka gari dogo la kubebea mabomba hununua dude la tani mbili na ushee, kwa sababu ndilo lililopo. Na viwanda hivyo, vilivyopata faida mahali pasipo na mpinzani, vilizembea kwenye magari madogo hadi Wajapani wakavipita.

Ndiyo maana hakuna serikali iliyothubutu kuufuta. Wanga, dekstrini na brandi vilishaondolewa ushuru huo zamani, maana havikuwa na wa kuvitetea. Pikapu ilibaki kwa kuwa viwanda na vyama vya wafanyakazi vilishajenga maisha juu yake. Marekani na Korea Kusini ziliwahi kukubaliana kuufuta kati yao ifikapo 2021, na mwaka 2018 utawala wa Trump ukasogeza tarehe hadi 2041.

Kwetu Juni hadi Juni

Msomaji asidhani haya ni mambo ya ng'ambo. Sisi tuna vita vyetu vya kuku: Oktoba 2017, Tanzania iliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vilivyokamatwa Namanga vikitokea Kenya, na majirani wakanuniana.

Kwa upande wa magari, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka mwaka 2005 ushuru wa pamoja wa asilimia 25 kwa magari yaliyokamilika, huku vipande vya kuunganishwa humu ndani vikiingia bure. Nia ilikuwa njema, na viwanda vya kuunganisha magari vya Nairobi, Thika na Mombasa vimenufaika. Lakini nchi mwanachama inaweza kuomba kibali cha mwaka mmoja kutoza kiwango tofauti, na vibali hivyo hutoka kila Juni pamoja na bajeti. Kenya ilipanda hivyo hadi asilimia 35 mwaka 2023.

Tofauti ya kumi hiyo si kumi. Chukua gari la injini ndogo lenye thamani ya forodha ya shilingi milioni moja za Kenya. Kwa ushuru wa asilimia 25, unalipa 250,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 hupigwa juu ya jumla hiyo, 250,000 nyingine. VAT ya asilimia 16 hupigwa juu ya vyote, 240,000. Jumla 740,000. Weka asilimia 35 na urudie hesabu: 350,000, kisha 270,000, kisha 259,200, jumla 879,200. Ongezeko ni 139,200, kabla ya tozo ndogondogo. Mwenye Probox ya kubebea mboga ndiye anayelilipa, na mteja wake sokoni analilipa tena kwenye fungu la sukuma.

Siwalaumu wanaotaka kiwanda. Nchi isiyotengeneza chochote itabaki mteja milele, na kijana wa Thika anayechomelea bodi ya basi ana haki ya kulindwa. Lakini ulinzi usio na tarehe ya mwisho hugeuka kuwa urithi, na urithi hupata wenyewe. Yule aliyepewa mwaka mmoja atakuja Juni ijayo na sababu mpya, na Juni baada ya hiyo, mpaka watu wasahau sababu ya kwanza ilikuwa nini. Wamarekani walianza na hasara ya dola milioni 26 za kuku na bado wanalipa.

Kwa hiyo safari ijayo waziri atakaposoma kwenye bajeti kwamba ushuru wa magari unapandishwa kulinda viwanda vya ndani, wabunge wamuulize mambo matatu: ajira ngapi zitapatikana, gari la mnunuzi wa kawaida litapanda kwa kiasi gani, na ushuru huo utakufa tarehe gani. Asipokuwa na jibu la swali la tatu, wautie kwenye sheria wenyewe, kwa siku, mwezi na mwaka.