Kutoka, sawa. Lakini kutoka kupi?

Uzi wa leo ni mrefu kidogo, jitilie chai kwanza.

Kila tukikosana na jirani, lazima utamwona mtu ameandika: "Uingereza ilitoka Ulaya na haikufa, sisi tunangoja nini Afrika Mashariki?" Niliiona Machi 2021 tulipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda. Nikaiona tena Julai 2025 Tanzania ilipowakataza wageni kufanya biashara kadhaa ndogondogo. Kama kawaida yangu, sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tu tukumbuke ile ya Uingereza ilikwendaje, maana wengi tunakumbuka siku ya kura na siku ya kuondoka, halafu hapo katikati tumeruka. Na mambo yenyewe yako hapo katikati.

Tuanze nyuma. Uingereza iliomba kuingia, ikakataliwa na Ufaransa mara mbili, 1963 na 1967. Ikaingia Januari 1, 1973. Miaka miwili baadaye wananchi wakaulizwa kama wanataka kubaki, na asilimia 67 wakasema ndiyo. Kwa hivyo ile hoja ati Waingereza hawakuwahi kuulizwa si kweli.

Lakini subiri, wale wa kutoka nao walikuwa na hoja, na mimi naiheshimu. Kilichopigiwa kura 1975 kilikuwa kinauzwa kama soko. Mkataba wa Maastricht wa 1992 ukaleta Umoja wa Ulaya wenyewe: uraia wa Ulaya, sera ya nje ya pamoja, mpango wa sarafu moja (hiyo sarafu Uingereza ilijitenga nayo). Mzee aliyesema ndiyo 1975 alikuwa na haki ya kuuliza, "Mimi nilikubali soko, hii serikali ya pili ilitoka wapi?" Halafu 2004 zikaingia nchi 10 kwa mpigo, nyingi za Ulaya Mashariki, na Uingereza ilikuwa kati ya nchi tatu tu zilizowafungulia wafanyakazi wao milango siku ileile. Kuna miji midogo iliyobadilika ndani ya miaka michache. Ukimwambia mtu wa huko kwamba anayoyaona ni chuki yake tu, umeshampoteza.

Kampeni ya 2016 ilikuwa chafu pande zote mbili. Mnalikumbuka lile basi jekundu lililoandikwa kwamba Uingereza hupeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki? Hesabu hiyo haikuondoa punguzo ambalo Uingereza ilikuwa nalo, pesa ambazo hazikuwa zikiondoka London hata kidogo. Mamlaka ya takwimu ya huko ikasema wazi kwamba inapotosha. Basi likaendelea kuzunguka. Upande wa kubaki nao ukawatishia watu kwamba uchumi utaporomoka mara tu baada ya kura, na haukuporomoka mara moja. Wiki moja kabla ya kura, mbunge mmoja mwanamke aliuawa barabarani katika eneo lake.

Juni 23, 2016: kutoka asilimia 51.9, kubaki asilimia 48.1. England na Wales zikasema tutoke, Scotland na Ireland Kaskazini zikasema tubaki.

Hapa niweke la nyumbani. Binamu yangu ni nesi huko, na alipiga kura. Ndiyo, Mkenya. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali waliruhusiwa, huku Mpolandi aliyelipa kodi huko miaka 10 akiwa haruhusiwi. Binamu alichagua kutoka. Sababu yake ni kwamba kulikuwa na watu wa kampeni waliokuwa wakiwaambia kina sisi kwamba mlango wa Ulaya ukipunguzwa, wetu utapanuliwa. Katika kikundi cha familia WhatsApp palichimbika. Mjomba akamwandikia, "Umepanda ngazi halafu unawasukuma wenzako." Naye akajibu kwamba mjomba hajawahi hata kupanga foleni ya viza. Walikaa miezi bila kuzungumza.

Sasa, kile ambacho hatukumbuki. Karatasi ya kura iliuliza kubaki au kutoka, basi. Kubaki kulikuwa kumoja. Kutoka kulikuwa kwingi. Unaweza kutoka ukawa kama Norway: uko ndani ya soko, unachangia pesa, unakubali watu waingie, lakini huketi mezani sheria zinapotungwa. Unaweza kuwa na umoja wa forodha kama Uturuki. Unaweza kuwa na mkataba wa biashara tu, kama Kanada. Au utoke bila chochote, ulipe ushuru kama mgeni yeyote. Watu milioni 17.4 walichagua neno moja, na kila kundi lilikuwa na picha yake kichwani. Hesabu ya kutoka ilipata wingi. Hakuna picha hata moja iliyowahi kupigiwa kura peke yake.

Na pale ndipo Ireland ilipoingia. Mtu wa Busia ataelewa hili haraka kuliko mtu wa Nairobi. Kati ya Jamhuri ya Ireland, iliyobaki Ulaya, na Ireland Kaskazini, iliyo chini ya Uingereza, kuna mpaka wa kilomita kama 500 ambao watu huvuka kwenda shule, kazini na sokoni bila hata kupunguza mwendo wa gari. Haukuwa hivyo zamani. Vita vya huko viliua watu zaidi ya 3,500 kabla ya mkataba wa amani wa 1998, na vizuizi vya wanajeshi mpakani vilikuwa sehemu ya kidonda.

Nchi mbili zikiwa na ushuru tofauti na kanuni tofauti za bidhaa, lazima mizigo ikaguliwe mahali fulani. Ukiikagua kwenye mpaka wa nchi kavu, unachezea amani. Ukiikagua baharini, kati ya Ireland Kaskazini na Uingereza kuu, umeikata nchi yako mwenyewe vipande viwili. Ukikataa yote mawili, nchi nzima inabaki ndani ya kanuni za Ulaya, na hapo wa kutoka watakuuliza umetoka wapi. Kila njia ilikuwa na watu walioapa kuifunga. Kwenye kampeni jambo hili lilitajwa kwa kupitia tu.

Januari 15, 2019 mkataba wa kujitoa ulifika Bungeni ukaangushwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Ukarudishwa, ukaangushwa. Ukarudishwa tena, ukaangushwa tena. Machi 27 wabunge wakajiwekea njia nane mezani, wapige kura waone ni ipi ina wengi. Zote nane zikashindwa! Tarehe ya kuondoka ikasogezwa mara tatu. Septemba Bunge likasimamishwa kwa wiki kadhaa, Mahakama ya Juu ikasema hatua hiyo ni kinyume cha sheria, majaji wote 11 kwa sauti moja. Hatimaye nchi ikatoka Januari 31, 2020, ukaguzi ukapelekwa baharini, na 2023 makubaliano hayo yakafumuliwa tena.

Imekufa? Hapana, haijakufa. Ofisi inayokadiria bajeti yao inasema tija ya uchumi itakuwa chini kwa asilimia 4 hivi kwa muda mrefu kuliko kama wangebaki. Wa kutoka wanajibu kwamba sheria sasa zinatungwa kwao, na hilo halipimwi kwa pauni. Uhamiaji je, uliowatoa wengi nyumbani kwenda kupiga kura? Wahamiaji halisi walipita 900,000 kwa mwaka hadi Juni 2023. Binamu hapendi nikimkumbusha hiyo, ingawa wengi walikuwa kina sisi kweli.

Sisi pia tuliguswa. Maua, chai na mishiri yetu iliingia Uingereza bila ushuru kwa mlango wa Ulaya. Mlango ulipokaribia kufungwa, majirani zetu wa Jumuiya wakati ule, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini, hawakuwa na presha kama yetu, kwa kuwa wanahesabiwa nchi zenye maendeleo duni na huachiliwa ushuru. Kenya haimo katika orodha hiyo. Desemba 8, 2020 tukaweka saini London, peke yetu, ilhali sisi ni wanachama wa umoja wa forodha.

Kwa wale wanaotaka tutoke: ibara ya 145 ya Mkataba wa Jumuiya inataka theluthi mbili ya wabunge wote wa nchi husika, kisha notisi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu. Mkija na hoja hapo chini, njooni pia na jibu la lori la saruji linalofika Namanga mwezi wa 13.