Waliochimba Fedha ya Athens

Mwaka 483 K.K. hazina ya Athens ilijaa ghafla. Katika migodi ya Laurion, kusini mwa Attika, wachimbaji walikuwa wameufikia mwamba wenye fedha tele, na mgawo wa dola ukafika talanta 100. Raia walijua wanachotaka. Kisiwa cha Siphnos kilikuwa kimewahi kuwagawia watu wake mapato ya migodi mwaka hadi mwaka, na Athens nayo ilikaribia kumkabidhi kila raia drakma 10.

Mwanasiasa Themistocles akasimama mbele ya mkutano wa raia akawaomba wasiile fedha ile. Alitaka ijenge merikebu za vita, maana kisiwa jirani cha Aegina kilikuwa kinawasumbua baharini. Walimkubalia. Mwanahistoria Herodotus anataja merikebu 200, za aina iliyohitaji wapiga makasia 170 kila moja. Miaka mitatu baadaye Waajemi waliuteketeza mji wa Athens, lakini kwenye mlango wa bahari wa Salamis merikebu hizo zikawavunja nguvu.

Wasimulizi wengi huishia hapo, kwenye busara ya Themistocles, na ilikuwa busara kweli. Ila fedha haikujitoa yenyewe ardhini, na wengi wa walioitoa walikuwa watumwa wasio na sauti katika mkutano ule.

Laurion iko kilomita 60 hivi kutoka Athens, karibu na rasi ya Sounion. Maduara yake yalishuka wima ndani ya mawe magumu, mengine zaidi ya mita 100, na yote yalichongwa kwa nyundo na patasi. Huko chini njia zilitambaa kuufuata mwamba wenye madini. Nyingi hazikufika mita moja kwenda juu, hivyo mchimbaji alifanya kazi amepiga magoti au amelala ubavu, taa ndogo ya mafuta ikiwaka pembeni. Hakuna aliyetaka kuzipanua, kwa sababu jiwe lisilo na fedha halikumlipa mwenye mgodi.

Juu ya ardhi kazi iliendelea. Mawe yalipondwa na kusagwa, kisha yakapelekwa kwenye mialo, ambako maji yalichukua unga mwepesi yakaacha ule mzito wenye madini. Eneo hilo ni kame. Kwa hiyo maji ya mvua yalikingwa kwenye matangi makubwa yaliyochimbwa mwambani, na yakitoka kwenye mialo yalirudishwa kutumika tena. Unga huo mzito, yaani makinikia, ukaingia tanuruni. Kilichotoka kilikuwa risasi yenye fedha kidogo ndani yake, nayo ikachomwa upya kwa hewa kali hadi risasi ikajitenga. Moshi wa risasi ni sumu, na mwandishi Mwathene Xenophon, wa karne ya 4 K.K., anaonyesha kwamba Waathene wenyewe waliliona eneo hilo kuwa baya kwa afya.

Xenophon huyohuyo ametuachia hesabu ya biashara yenyewe. Nicias, jemadari na mmoja wa matajiri wa Athens, alikuwa na watumwa 1,000 aliowakodisha kwa Sosias, mtu wa Thrakia. Kila mtumwa alimwingizia bwana wake oboli moja kwa siku, bila makato, na Sosias alitakiwa kuhakikisha idadi yao haipungui. Oboli sita ni drakma moja, na drakma 6,000 ni talanta moja. Kwa mwaka, basi, Nicias alipokea karibu talanta 10. Na lile sharti la idadi linatisha kuliko hesabu yenyewe: mtu akifa chini ya ardhi, mwingine anunuliwe azibe pengo, na mapato yaendelee kana kwamba hakuna aliyekufa.

Mwaka 413 K.K. Wasparta, waliokuwa vitani na Athens, walipiga kambi Dekeleia, kaskazini mwa Athens. Mwanahistoria Thucydides anaandika kwamba watumwa zaidi ya 20,000, wengi wao mafundi, walitoroka. Migodi ikazorota. Miaka michache baadaye Athens iliyeyusha sanamu za dhahabu za mungu wa ushindi ili ipate sarafu, na watu wakaanza kulipana kwa vipande vya shaba vilivyopakwa fedha. Dola iliyojivunia sarafu zake zenye picha ya bundi ilikuwa imeishiwa, kwa sababu mikono iliyoilisha ilikuwa imeondoka.

Somo hilo halikumgusa Xenophon. Karibu mwaka 355 K.K. alipendekeza dola inunue watumwa wa kukodisha migodini mpaka wafike watatu kwa kila raia. Mpango wake haukutekelezwa.

Wachimbaji wachache tu ndio tunaowajua kwa majina. Mmoja ni Atotas, mtu wa Paflagonia kwenye pwani ya Bahari Nyeusi. Jiwe la kaburi lake linatangaza kwamba hakuna aliyemshinda kwa ustadi, na kwamba ukoo wake unatoka kwa shujaa Pylaimenes. Mtu aliyefanya kazi gizani, mbali na kwao, alitaka akumbukwe kama fundi na mzaliwa wa watu wakubwa. Wengine walijibu kwa silaha: mwishoni mwa karne ya 2 K.K. watumwa wa migodini waliwaua walinzi wao, wakaiteka ngome ya Sounion, na kwa muda mrefu wakaipora Attika.

Salamis inafundishwa shuleni, na inastahili. Anayeifundisha na amtaje Themistocles, kisha amtaje na Atotas.