Mwadi Mabika: bingwa kutoka nchi iliyobadilika jina

Huku Lalago, kama ilivyo katika shule nyingi za Tanzania, msichana mrefu anapelekwa moja kwa moja kwenye netiboli. Ukitaja mpira wa kikapu, watu wanakumbuka Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009. Sawa. Lakini miaka 12 kabla yake, dada mmoja kutoka kwa majirani zetu Kongo alishafika kwenye ligi ya Marekani: Mwadi Mabika.

Alizaliwa Kinshasa mwaka 1976. Mwaka 1994 Zaire ilitwaa ubingwa wa Afrika wa wanawake, ikapata tiketi ya Olimpiki ya Atlanta 1996. Kule walipigwa vibaya. Hawakushinda hata mchezo mmoja, na Marekani iliwafunga 107 kwa 47! Ukisoma matokeo tu utadhani hadithi iliishia pale.

Sasa tazama tarehe hizi. Tarehe 17 Mei 1997 majeshi ya Laurent Kabila yaliingia Kinshasa, na askari wengi walikuwa wakiongea Kiswahili. Zaire ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wiki tano baadaye, 21 Juni, ligi mpya ya wanawake, WNBA, ilicheza mchezo wake wa kwanza: Los Angeles Sparks na New York Liberty. Mabika alikuwa kwenye kikosi cha Sparks msimu ule. Nchi iliyompeleka Atlanta ilishapoteza jina, wakati kazi yake ndiyo kwanza inaanza.

Alikaa Sparks misimu 11. Akiwa na Lisa Leslie alitwaa ubingwa 2001 na 2002, na mwaka huo wa 2002 aliwekwa kwenye kikosi bora cha kwanza cha ligi nzima. Mwaka 2008 alichezea Houston Comets, timu iliyobeba vikombe vinne vya kwanza vya ligi hiyo. Desemba mwaka huo huo Comets ikafungwa kwa kukosa mnunuzi.

Kwangu mimi somo ni hili. Kipaji Zaire kilikuwepo zamani, maana wanawake wao walishakuwa mabingwa wa Afrika 1983 na 1986. Ila wakati ule hata Mmarekani aliyetaka kulipwa kwa kucheza ilibidi asafiri hadi Italia au Japani. Mabika alikuwa na miaka 20 tu mlango ulipofunguliwa. Angezaliwa miaka kumi mapema, huenda leo nisingekuwa na jina la kuandika hapa.

Kwa hiyo tukiuliza Mabika wetu yuko wapi, tusianze kupima urefu wa wasichana wa Usukumani. Tuanze kwa kuuliza: akipatikana, nani atamlipa mshahara, na kwa misimu mingapi?

Nawasilisha.