Umiliki wa miti ulivyorejesha rutuba Niger

Kwa mkulima wa Niger katika miaka ya 1970, mti uliomea shambani mwake haukuwa wake. Ulikuwa mali ya serikali, na aliyeukata bila kibali alitozwa faini au hata kufungwa jela.

Sheria hiyo ilitokana na amri ya misitu ambayo wakoloni Wafaransa waliitoa mwaka 1935 kwa makoloni yao ya Afrika Magharibi, na ikadumishwa hata baada ya Niger kujinyakulia uhuru mwaka 1960. Nia ilikuwa kuhifadhi misitu. Lakini matokeo yalikuwa kinyume: mkulima alipoona chipukizi likitokeza miongoni mwa mimea yake, aliling'oa mapema kabla halijawa mti wa kumtia mashakani.

Niger imo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi maskini zaidi duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1971. Katika Afrika Mashariki, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi pia zimo, ilhali Kenya haimo. Sehemu kubwa ya Niger ni jangwa la Sahara. Wananchi wengi huishi katika ukanda wa kusini, ambako mvua hunyesha kwa miezi michache tu na chakula kikuu ni mawele na mtama.

Ukame wa mwaka 1968 hadi 1974, kisha ule wa 1984, uliangamiza mifugo na kuleta njaa kali. Kwa kuwa mashamba yalikuwa wazi, upepo ulifukia miche kwa mchanga na wakulima wakalazimika kupanda upya mara kadhaa katika msimu mmoja.

Serikali na wafadhili walijaribu kupanda miti mingi kutoka kwenye vitalu. Mingi ilikauka, ikaliwa na mbuzi au ikaachwa bila mwenyewe wa kuitunza.

Mwaka 1983, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, alisimamisha gari lake katika eneo la Maradi ili apunguze upepo wa magurudumu yapate kupita mchangani. Hapo aligundua kuwa vichaka alivyokuwa akivipuuza havikuwa magugu, bali machipukizi ya miti iliyokatwa zamani. Chini ya ardhi, mizizi yake ilikuwa ingali hai.

Mbinu iliyofuata haikuhitaji kitalu wala mashine. Mkulima huchagua visiki anavyotaka, huacha machipukizi machache yaliyonyooka katika kila kisiki na kukata mengine, kisha hupogoa matawi ya chini mara kwa mara. Kwa sababu mizizi tayari imezama ardhini, mti hukua haraka kuliko mche.

Mti unaopendwa zaidi ni wa jamii ya migunga, uitwao gao kwa Kihausa. Mti huu hupukutisha majani wakati wa mvua, hivyo hauzibii mimea jua. Majani yake hurutubisha udongo, na maganda ya mbegu zake hulisha mifugo wakati wa kiangazi.

Hata hivyo, mbinu hiyo isingeenea iwapo sheria ingeendelea kutekelezwa kwa ukali. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, maafisa wa misitu wa Maradi walilegeza msimamo na kuwaruhusu wakulima kuvuna miti waliyoitunza wenyewe. Mti ukageuka akiba: tawi liliuzwa kama kuni, na mapato yakanunua chakula mavuno yalipopungua.

Watafiti waliolinganisha picha za setilaiti na za ndege walikuja kukadiria kuwa miti ilikuwa imerejea katika takriban hekta milioni 5 kusini mwa Niger. Idadi yake ilikadiriwa kuwa milioni 200, na karibu yote haikupandwa na mtu. Mwaka 2018, Rinaudo alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood pamoja na Yacouba Sawadogo, mkulima wa Burkina Faso aliyefufua ardhi kame kwa kuchimba mashimo ya kukusanya maji na mboji.

Mafanikio hayo hayajamaliza umaskini. Idadi ya watu Niger inaongezeka kwa kasi, mashamba yanagawanywa vipande vidogo, na njaa ilibisha hodi tena mwaka 2005. Isitoshe, wezi wa kuni na wafugaji wanaokata matawi hukosana na wenye mashamba. Ndiyo maana amri ya serikali ya mwaka 2020, iliyoutambua rasmi utunzaji huu wa miti mashambani, ilikuwa na uzito kwa wakulima.

Mbinu hiyo imefika pia Humbo nchini Ethiopia, na mkoani Dodoma, Tanzania, ambako hujulikana kama Kisiki Hai.

Funzo la Niger kwa nchi maskini ni kwamba uhifadhi hauhitaji fedha nyingi pekee. Aliyeombwa kuulinda mti sharti awe na haki ya kufaidi matunda, kuni na kivuli chake. Wahenga walinena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Mkulima wa Maradi alikichumia kivuli chenyewe, mara tu alipohakikishiwa kuwa ni chake.